Kwa nyie mnaoanza kuandikia watoto na tayari mmeanza kukata tamaa

Habari zenu wapendwa, nimeona niandike hii maana kila nikikaa na watu lazima atokee mmoja aniambie mwalimu na mimi nina hadithi yangu ya watoto ila sijui kama nina kipaji, na jibu langu ni lile lile, hata mimi sikujua, na mpaka leo kuna asubuhi naamka sijui.

Mimi nafundisha darasa la pili huku Muheza. Nilianza kuandika 2016, usiku watoto wangu wakishalala, kwenye kaunta buku. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa naswali na kuomba kabisa, Mola nipe ishara kama hii kazi ni yangu au najisumbua tu. Ishara sikuiona. Nilichokiona ni shemeji yangu kuniuliza mbele ya watu, "shemeji si uandike kitu cha maana, hivi vya sungura na mbuzi nani atanunua?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, halafu nikakaa miezi mitatu sijashika peni.

Kwa hiyo la kwanza, hadithi changa usiipeleke kwa watu wazima wanaokupenda. Mama atakwambia nzuri sana mwanangu, rafiki atasema hongera, shemeji ndo huyo, na wote watatu hakuna aliyekusaidia. Peleka kwa mtoto wa miaka saba. Mtoto hajui kujifanya. Hadithi yangu ya mwanzo ilikuwa ya mbuzi mtoro, nikawasomea darasani, kufika ukurasa wa tatu wameshaanza kupigana mateke chini ya dawati, aisee iliniuma. Lakini kuna mmoja alinyoosha mkono akauliza, "mwalimu, sasa yule mbuzi usiku alilala wapi?" Nilikuwa sijaandika! Nilimtorosha jioni nikamrudisha asubuhi, halafu nikamweka babu anatoa mawaidha ya utii nusu ukurasa mzima. Nikaenda nyumbani nikamfuta babu na mawaidha yake yote, nikaandika usiku wa mbuzi, kajificha chini ya mchungwa anasikia fisi anacheka kwa mbali. Niliposoma tena wiki iliyofuata miguu ilitulia. Imani yangu ilianzia pale, na ilikuwa ndogo kweli, ya kutosha kuandika ukurasa mwingine mmoja tu, ila nao nikauandika.

La pili ni la ufundi, maana mtu anaweza kujiona hana kipaji kumbe hajui tu kazi inavyoenda. Wale wa darasa la kwanza na la pili wako kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, bado wanaunganisha silabi, sasa wewe unaanza sentensi na "ng'ombe aliyeng'ang'ania" unategemea nini? Anza na maneno kama paka, kuku, babu, mama anapika, kisha mbw na ng' zije taratibu, moja moja. Na usihesabu maneno tu, hesabu kurasa. Chukua karatasi nne za A4 uzikunje katikati uzibane pini, unapata kijitabu cha kurasa 16, andika humo kwa penseli. Utashangaa utakavyoona mwenyewe wapi maneno yamejaa na picha haina pa kukaa, na wapi mtoto atataka kufunua aone kinachofuata. Na picha huhitaji kujua kuchora, mchapishaji mara nyingi ana mchoraji wake. Mimi hata kuku nikichora anafanana na birika.

Kuhusu wachapishaji sitasema mengi. Mmoja alikaa na mswada wangu miezi kumi na minne bila hata kunijibu "tumepokea", nikawa nafungua imeli kila siku kama mgonjwa wa majibu. Mwingine alitaka nimlipe kwanza ndo ausome, huyo nilimkimbia na wewe kimbia. Ukishatuma, anza hadithi nyingine siku hiyo hiyo, ndo dawa pekee niliyoipata ya kusubiri.

Ila siku hizi milango imeongezeka jamani. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 2023 ikiwa na riwaya na ushairi tu, baadae wakaongeza hadithi za watoto. Mimi niliposikia hilo nilimpigia simu shemeji. Na kuna tovuti ya African Storybook, ipo tangu 2014, hadithi za bure na za Kiswahili zimo, soma hata thelathini uone wenzako wanafungua vipi hadithi na wanaifunga wapi.

Sasa ile ishara. Kuna mtoto aliniomba kaunta buku langu akamsomee mdogo wake, nikampa kwa roho nzito maana nakala nyingine sikuwa nayo (msifanye hivyo, pigeni picha kwa simu). Likakaa kwao wiki mbili. Likarudi halina jalada, lina uji, na baada ya ukurasa wangu wa mwisho, pale mbuzi kashafika nyumbani, kuna mtu kachora fisi amevaa kofia, chini kaandika kwa herufi kubwa zinazopanda na kushuka: FISI AKAJA KUULIZA MBUZI YUKO WAPI.

Mwisho wake ulikuwa bora kuliko wangu. Nilimuita pembeni nikamuomba niutumie, akafikiria kidogo akasema nimpe pipi mbili, ya kwake na ya mdogo wake. Nikatoa.