Damu 10.4 kwenye mimba ya miezi saba
Dada wa Newala, umeuliza kwa nini wingi wa damu (hemoglobini, kwa g/dL) umeshuka toka 12.1 hadi 10.4 na wewe unakula vizuri, tena unahema ukipanda mlima na ndoo. Mimba huongeza majimaji ya damu kwa karibu nusu; chembe nyekundu nazo huongezeka, ila hazifikii hapo, kwa hiyo damu huwa nyepesi. Kushuka kidogo ni kawaida. Lakini kwa miezi saba, chini ya 11 ni upungufu, usiuachie.

FEFO (vidonge vya madini chuma na foliki asidi) meza kila siku kwa maji au juisi ya ndimu. Chai ya rangi iwe mbali nayo, angalau saa moja au mbili, maana inazuia madini chuma yasifyonzwe. Wengi hapo ndipo wanapoharibu. Choo kikiwa cheusi usishtuke. Kisamvu sawa, ila chuma cha dagaa na nyama huingia mwilini kirahisi zaidi.

Kuhema mlimani kunaweza kuletwa na homoni za mimba, au na huo upungufu wa damu. Ukihema umekaa, moyo ukienda mbio au viganja vikipauka, nenda kituoni leo hii. Waombe wapime na malaria, huku kwetu inamaliza damu sana.