Shangazi, huyu mdogo tumwite Simba?

*Shikamoo Shangazi. Mbwa wetu Simba tuliishi naye miaka 11. Figo zilifeli, tukamruhusu daktari amchome sindano ya kumpumzisha. Huu mwezi wa nne tangu aondoke. Sasa mume wangu kapata mtoto wa mbwa wa wiki sita, rangi ileile, hadi doa jeupe kifuani. Watoto wanataka aitwe Simba. Mimi nikiiona picha yake nalia. Siku hizi natoka alfajiri, narudi jioni. Je, namsaliti Simba? – Mama wa Wawili*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Najua umeshaambiwa "ni mbwa tu", wasikuumize kichwa.

Kumsaliti, hapana. Hilo liondoe moyoni. Kinachonitia wasiwasi mimi ni lile doa jeupe. Mnamtafuta Simba, na mbwa hata wa tumbo moja hawafanani tabia: radi ikipiga, mmoja anaingia uvunguni, nduguye anatoka nje kuibwekea. Mkimpa jina la marehemu, kila akitafuna kiatu mtasema Simba hakuwa hivi. Simba mnayemkumbuka alikuwa mzee aliyetulia. Viatu alivyovimaliza utotoni mmeshavisamehe. Jina libaki lake. Watoto wagombanie jingine, hata wiki nzima.

Halafu wiki sita bado mno. Mtoto wa mbwa akae na mama yake angalau hadi wiki nane, maana kwa mama na nduguze ndiko anakojifunza kutouma kwa nguvu. Muda huo nendeni mkamwone. Keti chini, usimwite. Je, anakuja kukunusa au anajikunyata pembeni? Macho yana tongotongo? Anaharisha? Ulizeni kama kapewa dawa ya minyoo, na chanjo ya kwanza itachomwa lini, kwa sababu hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afike kama wiki 16.

Ila hizo saa zako za kazi! Mtoto wa mbwa hawezi kubana mkojo kutwa, na usiku atalia. Nani ataamka? Usinijibu "watoto". Kama hakuna mtu mzima wa kushinda naye, mimi ningetafuta mbwa wa miaka miwili au mitatu anayehitaji nyumba. Tabia yake inaonekana tayari, na anayemtunza atakwambia kama anapatana na watoto na kama amezoea kubaki peke yake. Wengi huwapita hao wakikimbilia vidogo, nami sijui wanaogopa nini.

Machozi yasikuzuie, unaweza kumlilia mmoja huku unamlisha mwingine. Ila ukirudi kumwona huyo mdogo na bado unachoangalia ni kifua tu, mwambie mumeo asubiri. Leo ampigie mwenye mbwa aombe wiki mbili. Akijibiwa kwamba kuna mteja mwingine yuko mlangoni na pesa mkononi, basi mteja huyo amchukue.