Guangzhou kwa mara ya kwanza kutokea Tanga

Mdogo wangu wa Ngamiani, umeuliza siku ya kwanza Guangzhou, kule China, uianze vipi baada ya safari ndefu. Usipande basi la Tanga siku ileile ya ndege. Lala Dar, foleni za kuingia mjini hazina huruma. Angani kunywa maji, simama mara kwa mara unyooshe miguu.

Wenzetu wako mbele kwa saa 5: kwetu ikiwa saa sita mchana, kwao ni saa kumi na moja jioni. Ukifika mchana, jikaze usilale mpaka usiku. WhatsApp kule imefungwa, kwa hiyo wewe na nyumbani wekeni WeChat mapema, mama asije akakosa usingizi. Anwani ya hoteli iwe kwa Kichina, umwonyeshe dereva. Sokoni nenda kesho yake. Mchovu hapatani bei vizuri.