Mwanangu, hukuniuliza habari za chai lakini nitakwambia

Marahaba mama. Meseji yako niliisoma jana usiku, nikaisoma tena asubuhi nimekaa nje, nikaona nikuandikie tu, maana nikirekodi sauti naanza kukohoa halafu mama yako anaingilia kati anamaliza yeye. Uliuliza hivi, naikopi kama ilivyo: "Baba wewe ulikuwa unafanyaje, unaamka saa kumi na moja, unapanda kile kilima kwenda shule, jioni uko shamba, na huchoki? Mimi ikifika saa nane mchana nimeisha kabisa, jimu nimelipia miezi mitatu nimeenda mara mbili, naona ni uvivu tu. Au nianze zile energy za kopo?"

Sasa nilikuwa nafanyaje, jibu lake fupi na wala silipendi. Nilikuwa sichoki kwa sababu yupo aliyekuwa anachoka badala yangu. Naamka nakuta maji ya kuoga yamechemka, uji umeshapoa kiasi, shati limepigwa pasi ya mkaa, mtu wa namna hiyo hata kile kilima cha Soni anakiona uwanja wa mpira. Kwa hiyo hilo tuliache.

Kilichonikosesha usingizi ni lile neno lako, uvivu. Hilo neno umelichukua hapa hapa nyumbani, na aliyelileta ni mimi.

Mwaka 1998, mvua za El Nino zimeisha, shamba la juu nusu limeteremka bondeni, mdogo wako ana miezi mitano na wewe una miaka minne, sidhani kama unakumbuka kitu zaidi ya yule mbuzi. Mama yako akaanza kukaa kwenye kizingiti. Narudi mapumziko ya saa nne namkuta kaegemea mlango, ndoo iko nje haijaingia ndani, kanga imelowa upande mmoja, ananiambia baba fulani hiki kilima kimeongezeka. Mimi nacheka! Kilima kimeongezeka, nikaenda nikawasimulia na walimu wenzangu ofisini tukacheka wote.

Halafu ikaja ya mchele. Tulikuwa na mchele wa sikukuu kwenye lile debe la bluu, si unalijua, na mimi nikawa naona unashuka na hakuna aliyepika wali. Usiku mmoja nasikia kru, kru, kru, nikadhani panya, nikawasha koroboi namkuta mama yako anatafuna mchele mbichi gizani, mtoto kamlaza mapajani. Na kwenye pindo la kanga amefunga vipande vya pemba, ule udongo wa kununua gengeni. Yaani mwalimu mzima, mtu wa vitabu, nikaona ni tabia mbovu. Nikampa hotuba. Nilimwambia mtu ni nia, uchovu uko kichwani, mtu akijiambia amechoka basi amechoka. Nikamletea na habari za mkimbiaji Filbert Bayi, ile ya 1974 kule Christchurch, New Zealand, mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia wakati ule, kaongoza toka bunduki inalia mpaka mwisho hakuna aliyemgusa. Nikasema unaona, Mtanzania kama wewe.

Akaacha kutafuna. Akasema, "Huyo Bayi alikuwa ananyonyesha?"

Siku mbili hatukuongea. Nilijiona mimi ndiye nimekosewa heshima, eti.

Aliyetuokoa ni bibi yako mzaa mama, alikuja kuangalia mjukuu, akamshika mama yako mkono akaugeuza kiganja juani, akasema neno moja tu, safura. Mimi nilikuwa nalidharau hilo neno, nikilijua kama neno la wazee la kuishiwa damu. Zahanati nesi akamvuta kope la chini, ndani kweupe pe. Wakapima wingi wa damu ikaja saba na kidogo. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na kumi na mbili kwenda juu. Nesi hakumwangalia mama yako, aliniangalia mimi, akaniuliza, huyu anabeba maji kilimani na damu saba? Mpaka leo nikipita karibu na ile zahanati naangalia upande wa pili.

Sasa nesi ndiye alinifundisha, na hapa ndipo chai inapoingia. Minyoo ya safura inapenya kwenye nyayo mtu akitembea peku shambani, inakwenda kukaa kwenye utumbo inafyonza damu kidogo kidogo, na hapo umeongeza mimba na kunyonyesha. Nikamwambia lakini kwangu tunakula mchicha na maharage kila siku. Akauliza chai mnakunywa saa ngapi? Nikamwambia pamoja na chakula, ile ya rangi, nzito, si tuko kwenye nchi ya chai sisi. Akasema basi ile chai inashika madini ya chuma ya kwenye mboga na maharage, mengi yanapita tu bila kuingia kwenye damu. Na kutafuna mchele mbichi na udongo akasema siyo tabia baba, ndivyo wengi wanavyofanya chuma kikiwaishia. Mwili hausemi uongo, ndivyo alivyosema, na mimi hilo nimelichukua nimelifanya langu, mnanicheka nalo nyumba nzima lakini sitaliacha.

Tukapewa dawa ya minyoo na vidonge vya damu vya miezi mitatu (choo kinakuwa cheusi usije ukashtuka ukivipata na wewe). Chai ikahamishwa, ikawa inanywewa saa nzima baada ya chakula, na mboga ikawa inakamuliwa ndimu maana ndimu inasaidia kile chuma kiingie. Nikanunua kandambili za kwendea shamba. Unajua nilijuaje kwamba amepona? Mchele. Niliangalia debe wiki hii, nikaangalia wiki inayofuata, haukushuka. Halafu siku moja narudi saa nne sikumkuta kizingitini, ndoo iko ndani, na ametoka kwenda kulima. Nilikaa pale pale kizingitini mimi.

Msamaha sikuomba. Nilileta zile kandambili, nyekundu, nikaziweka mlangoni. Nadhani alielewa. Au hakuelewa, sijui, sijawahi kumuuliza.

Haya, turudi kwako. Ulishaniambia unalala saa sita usiku na saa kumi na nusu uko macho uwahi gari Kimara kabla foleni haijakaza. Hesabu mwenyewe, hayo ni masaa manne na nusu, na mtu mzima anahitaji saba angalau. Halafu unaniambia uvivu! Mwili hausemi uongo mama. Na hiyo energy ya kopo kinachokuamsha ni kafeini, nayo haikupi nguvu mpya, inakaa tu kwenye mlango ambao uchovu ungebisha hodi, kwa hiyo husikii mtu akibisha lakini yupo nje. Ukiinywa saa kumi jioni, saa tatu usiku karibu nusu yake bado unayo, kwa hiyo saa sita utakuwa unatazama dari. Na mchana unakula chipsi na soda, soda moja ina sukari isiyopungua vijiko saba vya chai, unapanda juu kidogo halafu unashuka, halafu unashangaa saa nane umeisha. Kula kitu kinachokaa, maharage, dagaa, matembele, na ndimu juu yake. Na yale matunda damu niliyokutumia kule wewe ule kwa utamu tu, usidanganywe na jina, damu hayaongezi kihivyo.

Sasa usije ukanielewa vibaya ukasema baba kasema nia haina kazi. Ina kazi. Mama yako vile vidonge vilikuwa vinamtibua tumbo, asingekuwa na nia asingevimaliza. Na kwa nini nilimpenda Bayi kama siamini nia? Ila Bayi alikuwa amekula, amelala na amekimbia miaka kabla hajafika Christchurch, hiyo sehemu mimi kwenye hotuba niliiruka. Tena wavivu wapo, nisiseme hawapo, mjomba wako damu yake tulipima ni kumi na tano na bado jembe linamshinda (usimwonyeshe mama yako hapa). Kwa hiyo sijui, labda siku nyingine mwili nao unasingizia. Lakini pima kwanza halafu ndiyo ujitukane. Kupima damu hakuchukui hata nusu saa. Na kama zile siku zako zinakuwa nyingi kupita kiasi, hilo mwambie daktari na umuulize mama yako, mimi baba niishie hapo.

Mazoezi nayo, WHO, lile shirika la afya duniani, wanasema angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka, ni nusu saa siku tano. Shuka kituo kimoja au viwili kabla utembee, hutakuwa umelipia miezi mitatu. Mimi kile kilima sikukiita mazoezi, nilikiita kwenda kazini.

Kuhusu ile biashara yako ya nguo za mtandaoni inayokuweka kwenye simu mpaka saa sita usiku, sisemi kitu. Wewe ni mtu mzima, kodi unalipa mwenyewe, mimi sisemi uache. Sisemi. Ila nilikuwa najiuliza tu kama wateja wa saa nne usiku wakijibiwa saa mbili asubuhi watakufa. Nimeuliza tu.

Majibu ya damu yakitoka nitumie namba, usiniambie "iko poa", nitumie namba.

Mama yako kapita hapa kauliza naandika nini muda wote huu, nimemwambia nakujibu wewe mambo ya uchovu, amecheka mpaka kashika ukuta, anasema, "na ya Bayi umemwambia?" Nimemwambia ndiyo. Sasa kachukua miwani yangu na simu anataka kusoma yote toka juu, na mimi ya mjomba wako sijui hata inafutwaj