Upungufu upo, lakini digrii ya kwanza haitoshi

Kwenye grupu la familia mmeuliza: kama majimbo ya Marekani yanatunga sheria kwa sababu shule zimekosa wanasaikolojia, na mdogo wetu ana digrii ya saikolojia, si aje tu? Nawajibu kama msaidizi wa mwalimu hapa Virginia.

Upungufu ni wa kweli. Chama cha kitaifa cha wanasaikolojia wa shule, NASP, kinapendekeza mwanasaikolojia 1 kwa wanafunzi 500. Kwa wastani wa nchi nzima mmoja anabeba zaidi ya 1,000. Wa kwetu tunagawana na shule nyingine. Akija anaburuta begi la magurudumu lililojaa vipimo vya kutathmini watoto, anajifungia na mtoto mmoja kwenye stoo iliyogeuzwa ofisi, ripoti anaenda kuandikia nyumbani. Walimu wanamvizia koridoni, hawampati. Jimbo limeweka siku 65 za kazi tangu mtoto aombewe tathmini hadi iamuliwe kama anastahili elimu maalumu, kwa hiyo vipimo ndivyo vinavyomla muda. Kukaa na mtoto aliyefiwa, au anayegoma kuja shule, kunasubiri.

Mwaka 2021 Virginia ilipitisha kwamba kila wilaya ya shule iwe na nafasi zisizopungua 3 za wataalamu wa kusaidia wanafunzi kwa kila wanafunzi 1,000. Sawa, ila humo wanahesabiwa pia manesi na maofisa ustawi wa jamii. Wilaya inaweza kutimiza hesabu na mwanasaikolojia asionekane. Hela nazo hazitabiriki: Aprili 2025 serikali kuu ilitangaza kusitisha ruzuku za takribani dola bilioni 1 za afya ya akili mashuleni, ambazo nyingine zilikuwa zinasomesha hawa hawa wanasaikolojia. Majimbo yakakimbilia mahakamani kupinga.

Sasa mdogo wetu. Digrii ya kwanza haimpi leseni ya kuwa mwanasaikolojia wa shule. Kuna masomo ya juu zaidi, kwa kawaida miaka 3, na ndani yake mafunzo kazini ya saa 1,200. Viza ni vita nyingine, msinifungue mdomo. Atafute chuo kinachompa msamaha wa ada kwa kumfanyisha kazi idarani, na aulize mapema kama mafunzo kazini yao yanalipwa, maana wengine hawalipi hata nauli. Transkripti, yaani rekodi rasmi ya alama zake za chuo, aanze kuifuatilia sasa hivi. Ofisi ya pale chuoni kwake mnaijua inavyochelewesha.