Mnaoanza kufunga flai za paiki nyumbani, shikeni kiungo kwanza

Sasa nyinyi mnaoniuliza vile mtaanza kufunga strima za paiki zenye kiungo, wacha niandike yote mara moja. Flai ni ndoano iliyovikwa nywele na manyoya ya kudanganya samaki, strima ni flai ndefu inayoiga samaki mdogo, na kiungo ni pale ndoano ya mbele na ya nyuma zinaungana ili nyuma icheze. Nimefunga flai miaka 14, mwanzo kwa karakana hapa Nairobi tukilipwa kwa dazeni, siku hizi nafungia nyumbani, na hii ya paiki ndiyo imenifunza kazi kuliko zote. Kenya tunafunga flai za kuuzwa Ulaya tangu enzi za mkoloni, kwa hivyo mikono iko. Shida ni kwamba wengi wetu tulianzia flai ndogo za samaki aina ya trauti, halafu ukiletewa oda ya kitu cha sentimita 20 unadhani ni ile ile tu imekuwa kubwa. Si ile.

Mjue samaki mwenyewe kwanza, maana si wa maji yetu. Paiki anaishi maziwa na mito ya Ireland, Uswidi, Ufini, Canada, kaskazini mwa Marekani. Ni mrefu, mdomo bapa kama wa bata, ndani meno mamia. Hafukuzi chakula mbali, anajificha kwa majani ametulia kabisa halafu anachomoka mara moja, na yule wa rekodi alivuliwa Ujerumani 1986 akiwa kilo 25. Mtu anayemvua anarusha flai yako kutwa nzima na kuivuta kwa mikupuo, vuta, acha, vuta, acha, na mara nyingi ni pale kwa acha ndiyo samaki anapiga, wakati nyuma ya flai inageuka upande kama samaki aliyeumia. Hiyo kugeuka ndiyo unauza. Rangi na macho ni mapambo, kiungo kikikataa kucheza hujafunga kitu.

Kwa hivyo kiungo. Ndoano mbili, mbele saizi 4/0, nyuma saizi 2/0 iliyo ndogo zaidi. Funga ya nyuma yote uimalize, itoe kwa vaisi, kile kibanio kinachoshika ndoano ukifunga, weka ya mbele na uitandike uzi mpaka mwisho wa shina, yaani ile sehemu iliyonyooka ya ndoano. Kata waya laini uliovikwa nailoni kama sentimita 12, pitisha kwa jicho la ndoano ya nyuma, yaani kile kipete cha mbele yake, ukunje katikati, halafu ncha zote mbili zipite kwa shanga mbili. Shanga zinazuia nywele za mbele zisijisokote kwa kiungo. Sasa hapa angalia sana: tundu la jicho linaangalia juu na chini, kwa hivyo kitanzi chako kisimame wima, waya mmoja juu ya mwingine, ndiyo nyuma icheze kushoto na kulia. Ukikilaza, ndoano inalala ubavu na flai inaogelea kama kijiti. Funga waya kwa shina mpaka karibu na jicho la mbele, halafu zile ncha ZIKUNJE zirudi nyuma ufunge tena juu yake, tone la supagluu, songa uzi, tone lingine.

Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu mwaka wangu wa pili nilikuwa na haraka, dazeni sita zinangojewa, nikawa sikunji, nafunga waya moja kwa moja naweka gundi basi. Ukivuta kwa mkono inashika vizuri. Baada ya miezi ikaja barua kutoka kwa mteja, nusu ya nyuma ilichomoka samaki akaenda na ndoano mdomoni. Pesa ilikatwa, sawa, lakini kilichoniuma ni yule samaki, na mpaka leo kila kiungo nakivuta kwa koleo kabla sijaweka hata unywele mmoja.

Jaribio lingine ni rahisi, shika ndoano ya mbele uigeuze geuze mkononi, ya nyuma ianguke yenyewe kila upande. Ikikwama kitanzi ni kifupi, rudia.

Nywele sasa. Bakteili, yaani mkia wa kulungu wa Marekani, chukua fungu la unene wa njiti ya kiberiti, si zaidi, chana utoe zile fupi za chini. Zifunge kuzunguka shina ncha zikiangalia MBELE, halafu chukua biro iliyoisha, toa wino, ule mrija utelezeshe kutoka mbele uzisukume nywele zirudi nyuma. Zinafunguka kama mwavuli. Zungusha uzi mbele yake zisilale. Mtindo huu Bob Popovics wa New Jersey ndiye aliufanya ujulikane, na unakupa flai nono isiyo na kitu ndani, maji yanapita tu. Anayeanza anaona nafasi anaijaza, anaongeza fungu, anaongeza lingine, mwishowe ana ufagio. Nyuma iwe nyembamba na manyoya marefu ya jogoo manne, nono iwe mbele karibu na kichwa.

Ngozi ya sungura inacheza vizuri sana majini lakini inanyonya maji, na mtu wa kurusha ndiye anabeba huo uzito kwa bega. Nikiitumia ni ukanda mwembamba, nyuma pekee.

Kila sampuli mpya naweka kwa karai la maji. Iloweshe, ivute kwa uzi na usimame ghafla, uone kama nyuma inageuka na kama mkia unajizungusha kwa ndoano. Halafu inua, kung'uta mara moja. Ikiendelea kuchuruzika, punguza nywele.

Macho na kichwa gundi ya taa, ile inayoganda ukiimulika, inatosha. Mkishajaribu kwa maji zianikeni usiku kucha kabla ya kupakia, kwa sababu flai mbichi kwa boksi inashika kutu pale tu shanga inagusa jicho, na hapo mteja haoni mpaka ikatike.