Mnaoanza kujenga reli ndogo nyumbani: umeme kwanza, milima baadae

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi mliopata hamu ya kutengeneza reli ya mezani, naomba mnisikilize kabla hamjanunua kitu. Wengi wanaoanza wanakimbilia milima na vijumba, alafu treni inagoma kila kona mpaka wanakata tamaa. Treni kwanza imalize mzunguko mzima bila kusukumwa na kidole, ndo uje kwenye mapambo.

Skeli, yani treni imepunguzwa mara ngapi kuliko ile ya kweli, chagua kwa nafasi uliyonayo. HO ni 1 kwa 87, reli zake zimeachana milimita 16.5, yani chukua SGR yetu ya milimita 1435 gawa kwa 87 ndo hiyo hiyo. Ila kuzunguka mara moja tu inataka meza ya upana wa futi 4 hivi, kwa hiyo anayeishi chumba na sebule achukue N, 1 kwa 160, inageuka vizuri tu juu ya mlango wa flashi uliolazwa.

Sasa umeme, hapa ndo penye kazi. Treni hizi za kawaida zinatumia DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri, wa volti 12 inayopita kwenye reli zenyewe, moja chanya moja hasi. Vile vibati vinavyounganisha vipande vya reli usivitegemee kupitisha umeme, kwa hewa yetu ya chumvi vinaharibika kwa ndani na huoni. Pitisha waya mbili nene chini ya meza, kila baada ya futi 3 hivi shusha vijiwaya kutoka kwenye reli uviunge kwa risasi, rangi moja reli ya nje, nyingine ya ndani, usichanganye. Fundi redio yeyote atakuonyesha kuchomea. Na ukichora njia inayozunguka na kurudi kujiunga yenyewe kwa kugeuka, reli ya kushoto inakutana na ya kulia, hiyo ni shoti, lazima ukate reli zote mbili kila mwisho wa kitanzi na ukiwekee swichi yake.

Plaiwudi ipake rangi juu, chini na pembeni kabla ya mvua. Mchwa mnawajua.

Kokoto za reli watu wanachota mchanga wa ufukweni, sawa, ila uoshe na maji baridi mara kadhaa utoe chumvi, uanike, alafu upitishie sumaku. Kuna chembe nyeusi zitanasa, hizo zikibaki zinavutwa na mota ya kichwa cha treni na kuiua. Mwaga mchanga, nyunyizia maji yenye tone la sabuni, ndo udondoshe gundi nyeupe ya mbao uliyozimua nusu kwa nusu, tumia bomba la sindano.

Anayetaka reli ya kwetu kusini, ile ya Mtwara hadi Nachingwea iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza na kufungwa 1962, ilikuwa ya upana wa mita moja, kwa hiyo ndani ya HO tafuta njia ya milimita 12. Mi natamani sana watoto wetu waione hata mezani, maana wengi hawajui kama huku treni ilipita. Hiyo haihitaji hata mzunguko, ubao mrefu ukutani, stesheni huku na huku, kichwa kimoja na mabehewa matatu.